Nchi Niliyomwandikia Tumbili

Mimi ni ejenti wa forodha. Nimefanya kazi hii Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa miaka ishirini na kitu, na katika muda huo nimejifunza kwamba kitu chochote duniani, kiwe hai au kimekufa, kina mambo mawili tu ya maana kwenye fomu: kinatoka wapi na kinaenda wapi. Hayo mengine ni mapambo. Nimepitisha mitambo ya hospitali, magunia ya chumvi, vifaranga wa siku moja, na siku moja piano iliyokuwa ikielekea Kigali. Sikudhani ningekuja kumjazia karatasi mnyama wa dada yangu.

Dada yangu amenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa. Ana gesti ya vyumba kumi na viwili kando ya barabara kuu, kilomita chache kabla ya kufika Malaba, mahali ambapo foleni ya malori ikirefuka madereva huzima injini na kutafuta chai. Nyuma ya gesti shamba linateremka mpaka kwenye kijito, na huko ndiko marehemu shemeji yangu alikojenga vizimba vyake. Shemeji alikuwa dereva wa masafa marefu kabla ya mgongo kumkatalia. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe, yeye akanunua kobe.

Alianza na kobe wanne. Wakafuata korongo wawili wenye taji, kanga wasiohesabika, chatu mmoja mvivu, na kasuku wawili wakubwa wa rangi ambao padri mmoja Mzungu aliwaacha alipoitwa kurudi kwao. Shemeji aliandika ZUU kwa rangi nyekundu kwenye bati, na bati likatosha kuwa leseni. Shule za Nambale na Matayos zikawa zinaleta watoto kwa basi. Chifu alikuja na wageni wake, akawaonyesha chatu kama aliyemzaa mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kibali, na mimi ninayeishi kwa vibali nilikuwa nakaa pale kila Jumapili nikinywa chai bila kuwaza lolote.

Tumbili alikuja baadaye. Ni wa ile aina yenye ndevu nyeupe ndefu na utepe wa rangi ya machungwa kwenye paji la uso, anayekaa kimya na kukutazama mpaka uanze kukumbuka makosa yako. Madereva walimwita Mzee, si kwa dhihaka, ni kwa sababu ya ndevu. Nilikuwepo siku aliyoletwa. Lori liliingia uani, dereva akashuka na kikapu cha viazi, na ndani ya kikapu mlikuwa na kitu kidogo kinachotetemeka. Nilifanya ninachofanya kila lori likisimama mbele yangu, nikasoma nambari ya gari. Ilikuwa ya Uganda. Kichwani mwangu jambo likaishia hapo.

Shemeji alifariki miaka minne baada ya hapo. Alikuwa ameenda Mombasa kutibiwa, akafia huko, na sisi tukafanya kama kawaida yetu, tukachanga, tukakodi gari, tukamrudisha kilomita mia tisa na zaidi ili alale nyuma ya nyumba yake. Mimi ndiye niliyefuatilia karatasi za mwili. Baada ya mazishi niliwaza kwamba dada angeuza wanyama. Hakuuza. Alikuwa mtu wa kanisa na jikoni, vizimba hakuvipenda, lakini asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya kizimba cha tumbili, anamenya mapera na kumsimulia habari za wateja. Wakati huo watoto wake walikuwa wameshatawanyika, mmoja Nakuru, mwingine Doha. Nilimwuliza kama ameanza kuzeeka. Aliniambia nimtafutie mtu mwingine anayesikiliza bila kutoa ushauri, na nikimpata, yeye atamwachilia tumbili.

Agizo la serikali lilitufikia kwanza kwenye simu, kama mambo yote siku hizi, likiwa limekatwa mkia na kuongezewa pembe. Wengine walisema zuu zote zinafungwa. Wengine walisema hata kanga hawaruhusiwi. Baadaye karatasi zenyewe zikaja, na neno likawa jepesi kidogo: zuu ndogo haziruhusiwi tena kufuga wanyama wa asili ya nje ya nchi, na kila mwenye zuu ajaze fomu ya kila mnyama aliye naye, atie sahihi, aambatishe picha. Dada aliniletea bahasha nzima ofisini. Alisema hii ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nisimsumbue kwa maswali.

Kwenye bahasha mlikuwa na fomu na barua ya kurasa mbili. Fomu nilizisoma. Barua sikuisoma. Katika kazi yangu barua huandikwa na mtu anayetaka kusikika, fomu huandikwa na mtu anayetaka jibu, na mimi hulipwa kwa majibu. Kobe, korongo, kanga na chatu niliwaandika wa hapa nchini, na kuhusu kasuku, ambao asili yao ni ng'ambo, sikuwa na la kufanya. Nikafika kwa tumbili, nikaweka kalamu chini.

Nilifikiri hivi, na hata leo nikiyarudia mawazo yale siyaoni ya kijinga, ndiyo maana yananikera. Nikiandika ametoka nje, atachukuliwa. Nikiandika ni wa hapa, wataniuliza nani alimtoa msituni na kwa ruhusa ya nani, na dada yangu atajikuta mahakamani Busia akieleza habari za kikapu cha viazi. Lakini kila ejenti wa mpakani anajua njia ya tatu. Mzigo wa transiti, yaani unaopita tu kwenda kwingine, haujaingia nchini, hata kama umeegeshwa hapa mwezi mzima na kuku wanataga chini yake. Mwenyewe yuko kwingine, ushuru hautozwi, na askari anayeugusa anajitafutia kesi. Nikachukua kalamu. Nchi atokako: Uganda. Nchi aendako: Uganda. Hali yake: transiti, anasubiri usafiri.

Alikuwa amesubiri usafiri kwa miaka sita. Niligonga mhuri wangu chini ya sahihi ya dada, ingawa hakuna aliyeuomba, nikajiona mjanja.

Afisa wa wanyamapori aliyekuja kukagua alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vya matope na daftari lililofungwa kwa mpira. Alikunywa chai kwanza. Alihesabu kobe, akasifu maji ya korongo, akasema vibali vyao vitakuja. Kuhusu kasuku, alisema watachukuliwa wiki hiyo, na dada hakubisha, hakuwahi kuwapenda kwa kelele zao. Kisha akasimama mbele ya kizimba cha tumbili na fomu yangu mkononi. Aliisoma mara mbili.

"Huyu yuko transiti," alisema.

Nikasema ndiyo, madam.

"Basi amalize safari."

Hakusema kwa ukali. Alinieleza taratibu jambo ambalo mimi mwenyewe nimewaeleza madereva mara mia, kwamba mzigo wa transiti ukipitisha muda wake huondolewa nchini, hauna mjadala. Dada alinigeukia, akaniuliza nimeandika nini. Nikamwambia tutaongea baadaye. Nilikuwa nimepandwa na joto la masikio, lile la mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni, na nilikuwa na miaka hamsini na mbili.

Watu wa wanyamapori walikuja na sanduku la mbao lenye matundu, wakampeleka mpakani. Kwenye ofisi za pamoja za Malaba maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, meza kwa meza, kwa hivyo safari ya tumbili kutoka Kenya hadi Uganda ilikuwa hatua kama ishirini sakafuni. Hakuimaliza. Afisa wa upande ule alifungua faili, akauliza swali ambalo mimi pia ningeuliza: karatasi iliyomtoa Uganda iko wapi? Haikuwepo. Kama hakutoka kwao kwa karatasi, basi kwao hakutoka, na asiyetoka harudi. Sikuweza kumlaumu. Ilikuwa kazi safi.

Wakamweka kwenye chumba cha stoo nyuma ya yadi ya ukaguzi, kati ya matairi yaliyokamatwa na katoni za sabuni. Kila asubuhi dada alipanda boda boda na mfuko wa mapera na mahindi ya kuchemsha, akaandikisha jina lake getini, akakaa kwenye tairi mbele ya sanduku. Mimi nilipita pale mara kwa mara nikielekea kwenye malori, na mara nyingine nilizunguka mbali ili nisipite. Tumbili alikuwa amegeukia ukuta. Alipokea chakula kwa kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Niliona aibu, na aibu ile sikuizoea, kwa sababu makosa yangu kwa kawaida huwa ya makontena.

Siku ya tano ikaja habari kwamba kituo kimoja cha kufugia wanyama mbali huko Uganda kiko tayari kumpokea, mradi karatasi zibaki zilivyo na pande zote mbili zitie sahihi. Nilimpelekea dada habari hiyo pale stoo nikidhani nimemletea nafuu. Alinisikiliza huku akikunja mfuko mtupu.

"Huyu si wa Uganda," alisema.

Ndipo akanieleza. Dereva yule alikuwa na gari la Uganda, ndiyo, lakini siku ile alikuwa ametoka kupakia viazi huku kwetu, juu kuelekea Mlima Elgon. Wakulima wa kando ya mto walikuwa wamemwua mama wa tumbili kwa sababu ya mahindi, mtoto akabaki amemng'ang'ania, na dereva akashindwa kumwacha. Shemeji alimsimulia dada yote hayo usiku uleule. Nilimwuliza mbona hakuniambia.

"Uliniuliza? Wewe uliangalia namba ya gari tu."

Alitaka niende nikabadilishe. Sasa hapa inabidi nieleze kubadilisha kunamaanisha nini. Fomu ikiwa imegongwa mhuri wa ejenti haifutwi kwa raba. Unaapa mbele ya wakili kwamba ulichoandika awali kilikuwa cha uongo, na ukishaapa hivyo umejishtaki mwenyewe. Leseni yangu ndiyo iliyosomesha watoto wangu watatu. Nilimwambia dada nitaona la kufanya, maneno ambayo kwetu sisi maejenti humaanisha hapana.

Lakini sikutulia. Nilimtafuta yule afisa wa wanyamapori, nikamwuliza habari za rafiki yangu mmoja, ambaye huenda ana tumbili wa ndevu nyeupe, ambaye huenda ni wa hapa nchini. Alisema barua ya kurasa mbili ilieleza wazi kwamba anayejitokeza mwenyewe na kusema ukweli hatashtakiwa kwa kumfuga. Kisha akaongeza kwamba tumbili wa aina ile wamebaki wachache sana upande wetu, kwa hivyo wa rafiki yangu asingeruhusiwa kukaa kwenye zuu yoyote, ndogo au kubwa. Angepelekwa kwenye kituo cha kumfundisha upya, na akishaweza angerudishwa kwenye msitu wa kwao.

Nilitoka pale mwepesi. Nasema hivi kwa sababu ni kweli: nilifurahi. Ikiwa ukweli ungemchukua sawa na uongo, basi hapakuwa na sababu ya kuapa. Nilikwenda moja kwa moja hadi gesti, nikamkuta dada jikoni anachambua mchele, nikampangia hesabu yote. Akibaki wa Uganda, anaondoka. Akiwa wa hapa, anaondoka. Kwako wewe, dada, ni kilekile, lakini kwangu mimi kuna tofauti ya leseni.

Aliendelea kuchambua. Alitoa mawe mawili madogo, akayaweka pembeni mwa sinia.

"Shemeji yako alifia Mombasa," alisema. "Kule kuna makaburi mazuri, tena karibu. Kwa nini hatukumwacha?"

Nikasema mtu hurudishwa kwao.

"Alikuwa maiti, haoni, hasikii, na tulimrudisha. Huyu ni mzima. Unataka akae kizimbani kwa watu hadi afe, na kwao kupo, kwa sababu wewe hukusoma barua?"

Nilimwambia yule ni tumbili. Akasema anajua ni nini, yeye ndiye huosha kizimba chake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, kwamba kumpoteza ameshakubali tangu siku ya sanduku, na kwamba mimi nikitaka kumsaidia nisijaribu tena kumbakizia mnyama yeyote, niandike tu pale tumbili anapotoka. Hakulia. Alinipa chai, na chai ilikuwa na sukari ya kutosha, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi.

Kesho yake nilienda Busia kwa wakili ambaye hanijui sana, kwa makusudi. Niliapa kwamba mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, niliandika nchi isiyo ya kweli nikijua sina hakika nayo. Wakili alitaka kuandika kwamba nilipotoshwa. Nilimwambia aache, kwa sababu hakuna aliyenipotosha, na nikiongeza uongo wa pili itabidi nimfuate tena kuuapia. Karatasi ile niliipeleka mwenyewe kwenye meza husika. Aliyeipokea ni kijana niliyemfundisha kazi miaka ya nyuma. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaniuliza kama nina hakika, boss.

Leseni ilisimamishwa kwa miezi sita. Wenzangu walinitania kama ilivyotarajiwa. Mmoja aliniuliza kama nimewahi kumpitisha kima kupitia Busia, maana wanasema huko foleni ni fupi. Mwingine kila akiniona alisema apishwe ejenti wa Mzee. Nilicheka nao. Nilikuwa na muda mwingi wa kucheka, na nikautumia pia kusoma ile barua ya kurasa mbili, ambayo, kwa barua, haikuwa mbaya.

Siku ya kumpeleka kwenye kituo cha kumfundisha upya, afisa wa wanyamapori alikuja na gari lenye bodi ya bati nyuma. Alikuwa amemweleza dada kwenye simu kwamba si lazima aje, na kwamba akija ni sharti asionekane wala asisikike, kwa sababu mnyama anayemjua mtu mmoja hajifunzi kuwajua wenzake. Kwa hivyo dada angeweza kubaki nyumbani. Alivaa gauni la kanisani, akafunga leso, akapanda nami gari la kukodi, tukafuata gari la bati kwa nyuma mbali kidogo. Njia nzima alizungumza habari za bomba la choo cha chumba namba saba. Nilimjibu kwa kirefu.

Kituo kiko karibu na mto, msitu unaanzia ng'ambo yake. Gari la bati lilisimama mbele ya kizimba kirefu chenye miti ndani, na kwenye kizimba cha jirani walikuwapo wengine watatu wenye ndevu kama zake, wamekaa juu kimya. Dada alishuka upande wa pili na kusimama nyuma ya lile gari, ambapo hakuonekana. Wafanyakazi wawili wakabeba sanduku, wakaliingiza, wakafungua mlango na kurudi nyuma.

Alitoka polepole. Hakuwatazama wale watatu. Alikuja kwenye wavu, akatupitia uso mmoja mmoja, afisa, wafanyakazi, mimi, na kwangu hakukaa. Kisha akatoa ile sauti yake nzito ya kooni, ambayo kule nyumbani aliitoa kila chakula kikichelewa, na dada yangu akamjibu kutoka jikoni kwamba anakuja.

Aliita, akasubiri. Aliita tena. Afisa alinigusa mkono nisijongee, ingawa sikuwa na mpango wa kujongea. Dada yangu alikuwa hatua sita kutoka pale, mgongo umeegemea bati la gari, leso ameibana mdomoni kwa mikono miwili. Ni mwanamke ambaye tangu utoto wetu sijawahi kumsikia akiitwa asiitike. Tumbili aliita mara ya tatu, na dada hakuitika.